Dawa za kulainisha choo: Jinsi zinavyofanya kazi na tahadhari zake

KUFUNGA choo ni tatizo ambalo wengi huona haya kulitaja, hata mbele ya daktari. Mkazi wa Malindi, Watamu au Mtwapa aliyesumbuka kwa siku kadha huona afadhali kuingia duka la dawa, kumnong'oneza muuzaji na kutoka na chupa mkononi. Nyingi ya dawa hizi huuzwa bila cheti cha daktari. Hata hivyo, kuuzwa bila cheti si kusema kwamba hazina madhara.

Kwa kawaida, mtu huhesabiwa kuwa amefunga choo iwapo anaenda haja kubwa chini ya mara tatu kwa wiki, au choo kikiwa kigumu na kikimlazimu kujikamua.

Sababu ni nyingi: maji machache wakati wa joto kali la Januari hadi Machi, ugali wa sembe na mahamri bila mboga, na mabadiliko ya mlo mwezi wa Ramadhani. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito kliniki, pamoja na dawa za maumivu zenye kodeini, pia hufunga choo.

Zinavyofanya kazi

Aliyewahi kuona papa akitiwa chumvi anajua kwamba nyama ile hutoa maji, kwani chumvi huyavuta. Dawa hizi hufuata kanuni hiyo hiyo. Zikifika utumboni, huvuta maji au kuyazuia yasifyonzwe mwilini, choo kikalainika na kupita kwa urahisi.

Chumvi ya haluli, iliyojulikana na wazee tangu zamani, ni ya kundi hili. Sanamaki na mafuta ya mbarika ni ya kundi jingine, kwani hayo huuchochea utumbo ujikaze.

Aina zinazopatikana

Laktulosi ni maji matamu mazito. Mtu mzima huanza kwa mililita 15, mara moja au mbili kwa siku. Huchukua hadi saa 48 kufanya kazi, na huenda ikajaza tumbo gesi.

Makrogoli ni unga wa kukorogwa katika glasi ya maji. Matokeo yake huonekana baada ya siku moja hadi tatu.

Magnesia, dawa nyeupe kama maziwa, hufanya kazi upesi zaidi, kati ya nusu saa na saa sita.

Kosa la kawaida ni kukosa subira. Mgonjwa hunywa laktulosi asubuhi, jioni akaongeza maradufu kwa kuona haijafanya kazi, kisha akaharisha usiku kucha na kupoteza maji na chumvi za mwili. Ni muhimu kunywa maji ya kutosha muda wote wa matumizi.

Wasiopaswa kujitibu

Mwenye ugonjwa wa figo asitumie magnesia wala haluli bila idhini ya daktari, kwa kuwa magnesiamu inaweza kurundikana mwilini na kudhuru moyo na pumzi. Wazee wengi hawajui kuwa figo zao zimedhoofika. Magnesia pia huzuia mwili kufyonza dawa kama doksisaiklini na siprofloksasini, hivyo zisinywewe kwa wakati mmoja. Wajawazito na wazazi wa watoto wachanga waulize kwanza.

Hatari kubwa zaidi ni utumbo uliozibika. Tumbo likivimba na kuuma sana, mgonjwa akatapika na hata kushindwa kutoa hewa, asipewe dawa yoyote ya kulainisha choo. Apelekwe hospitali mara moja, iwe ya Malindi, ya Kilifi au iliyo karibu. Damu katika choo, kukonda bila sababu, au mabadiliko ya choo kwa mtu aliyepita miaka 50 pia yahitaji uchunguzi.

Dawa isitumiwe zaidi ya wiki moja bila ushauri. Tatizo likiendelea, chanzo chake kitafutwe.

Kinga haiko mbali. Mchicha, mchunga, kunde, papai na maembe yamejaa sokoni kwa misimu yake. Maji, mwendo wa miguu na kutoahirisha haja inapokuja husaidia wengi kabla hawajafika duka la dawa.