Mpanda Ipi?

Fungua tovuti ya Manispaa ya Mpanda, kisha ya Halmashauri ya Wilaya ya Tanganyika. Nembo ya Taifa juu, chini yake Mwanzo, Kuhusu Sisi, Utawala, Madiwani. Kiolezo ni kilekile. Kinachobadilika ni jina linalojazwa kwenye nafasi iliyoachwa wazi. Watengenezaji wa mifumo huiita nafasi hiyo kigeu, na wana sharti lao: jina ambalo mfumo umeshalishika, usilipe kitu kingine. Ukilipa, unaita hiki kinakuja kile.

Serikali ilianza kujaza nafasi hizo kabla ya kompyuta. Mkoa wa nani, Wilaya ya nani. Mwaka 2012 ulipomegwa mkoa mpya kutoka Rukwa, jina lilikuwepo tayari: Katavi, la hifadhi ya taifa ya 1974. Nyuma ya hifadhi kuna ziwa, na nyuma ya ziwa kuna Katabi, mzimu wa Wabende, anayesimuliwa kukaa kwenye mkwaju kando ya maji, ambako watu humwachia sadaka. Hilo jina lilikuwa na mwenyewe. Leo limo kwenye mihuri, na wengi wanaogonga mihuri hiyo hawamjui.

Mpanda nayo ilielemewa. Mji uliokua na mgodi wa risasi na reli ya kutoka Kaliua ukaipa jina wilaya nzima, hadi Ikola na Karema ufukweni mwa ziwa. Baadaye zikawepo halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya, zote Mpanda. Ukisema faili lako liko Mpanda, unaulizwa: Mpanda ipi? Kwenye anuani za tovuti tofauti ilibebwa na herufi mbili tu, dc kwa wilaya na mc kwa manispaa.

Dawa ikawa kuiita ile ya wilaya Tanganyika. Ziwa lipo, sawa. Lakini hilo lilikuwa jina la nchi mpaka Aprili 1964! Mzee wa Karema aliyezaliwa 1955 anaweza kuandika Tanganyika mara mbili kwenye fomu moja, nchi aliyozaliwa na wilaya anayoishi, bila kuwa amehama. Mimi naona jina lingine lingefaa zaidi. Mjukuu wake akitafuta habari za Karema ya miaka ya 1980, asiandike Tanganyika. Aandike Mpanda, tena mkoa wa Rukwa.