Ubingwa wa Waingereza na Nyumba ya Nawakille

Kabla World Open haijaanzishwa mwaka 1976, skwoshi haikuwa na ubingwa mkubwa kuliko British Open. Aliyelitwaa kombe lile alihesabiwa bingwa wa dunia, na hakuna aliyembishia.

Wanawake ndio waliotangulia. Joyce Cave alitwaa ubingwa wao wa kwanza mwaka 1922. Wanaume walifuata mwaka 1930, kwa utaratibu wa kimwinyi kidogo: bingwa aliteuliwa, kisha akakaa kusubiri wa kumpinga. Aliyeteuliwa alikuwa Charles Read, mwalimu wa mchezo huo katika Queen's Club ya London. Don Butcher akajitokeza kumkabili, wakacheza mara mbili, kila mmoja akiwa mwenyeji kwa zamu yake, na Butcher akashinda zote mbili.

Kombe halikukaa sana mikononi mwa Waingereza. F. D. Amr Bey, mwanadiplomasia wa Misri aliyetumwa London, alilichukua mara sita mfululizo katika miaka ya 1930. Jim Dear alilirudisha nyumbani mwaka 1939, vita vikasimamisha mashindano, na yaliporejea mwaka 1947 akaja Mmisri mwingine, Mahmoud Karim, akalitwaa miaka minne mfululizo.

Aliyemvua Karim ubingwa, Hashim Khan, alitoka Nawakille, kijiji kilicho karibu na Peshawar, katika nchi ambayo sasa ni Pakistan. Baba yake alikuwa mtumishi katika klabu ya maofisa wa Kiingereza mjini humo. Viwanja vya skwoshi vya klabu havikuwa na paa, na mpira uliopigwa juu mno uliruka ukuta. Hashim mdogo alikaa nje kuuokota na kuurudisha. Jua lilipowashinda maofisa wakaenda kupumzika, yeye aliingia kiwanjani peku na kucheza juu ya sakafu ya matofali inayounguza, mara nyingi akishindana na nafsi yake. Baba alifariki Hashim akiwa bado mtoto, naye akaendelea na kazi za pale klabuni mpaka akawa mwalimu wa mchezo.

Mwaka 1951, akiwa ameshapita miaka thelathini na mitano kwa hesabu ya wengi, alisafirishwa kwenda London kwa msaada wa jeshi la anga la Pakistan. Katika fainali alimfunga Karim 9-5, 9-0, 9-0. Enzi hizo pointi aliipata yule tu aliyeanzisha mpira, hivyo seti mbili za sifuri maana yake ni kwamba Karim, bingwa wa miaka minne, hakufaidi hata mpira mmoja alioanzisha yeye katika seti hizo.

Hashim alilitwaa kombe mara saba. Mdogo wake Azam alikuwa mchezaji wa tenisi. Hashim ndiye aliyemvuta kwenye skwoshi ili apate mtu wa kufanya naye mazoezi. Mwanafunzi alimfikia mwalimu haraka: mwaka 1954 na 1955 ndugu hao wawili walikutana kwenye fainali, na kaka akashinda. Mwaka 1957 jamaa yao Roshan Khan alimpiga Hashim. Kuanzia 1959 Azam akachukua mara nne, na mwaka 1963 ikawa zamu ya Mohibullah, mpwa wa Hashim. Kwa miaka 13 mfululizo, tangu 1951, ubingwa haukutoka nje ya ukoo huo.

Baada yao Mmisri Abdelfattah AbouTaleb alishinda mara tatu. Upande wa wanawake, Heather McKay wa Australia alikuwa ameanza utawala wake: alitwaa kila mwaka kuanzia 1962 hadi 1977, mara 16.

Lakini ujuzi wa Nawakille ulikuwa umeshahamia London. Nasrullah Khan, ndugu yake Roshan, alikuwa akifundisha huko, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Jonah Barrington, mzaliwa wa Cornwall aliyechezea Ireland. Barrington hakuwa na kipaji cha kutisha. Alikuwa na pumzi na ukaidi. Alishinda mara sita kati ya 1967 na 1973, kisha Geoff Hunt wa Australia akamzidi kwa kufikisha nane.

Nasrullah alikuwa na mtoto, Rehmat. Novemba 1979 Torsam, mtoto mkubwa wa Roshan, alianguka kiwanjani Adelaide kwa maradhi ya moyo na kufariki. Mdogo wake Jahangir, ambaye utotoni madaktari walimkataza michezo kwa sababu ya ngiri, alitaka kuacha. Rehmat, mtoto wa ami yake, akamchukua London, akamkimbiza na kumfundisha. Mwaka 1981 Jahangir alipoteza fainali ya British Open kwa Hunt, katika mchezo uliopita saa mbili. Mwaka uliofuata akashinda, na hakulitoa kombe mpaka alipofikisha mara kumi, mwaka 1991. Baba yake alilipata mara moja tu.

Jansher Khan, naye wa Nawakille, akafuata kwa sita. Tangu ushindi wake wa mwisho mwaka 1997, hakuna Mpakistani mwingine aliyelitwaa. England ilisubiri tangu Jim Dear mpaka 2006, ndipo mchezaji wake mzaliwa wa humo, Nick Matthew wa Sheffield, akashinda.

Kisha Misri ikarudi. Ramy Ashour alishinda mwaka 2013, na Nour El Sherbini akawa Mmisri wa kwanza kuchukua kombe la wanawake, mwaka 2016. Siku hizo bingwa wa wanaume alikuwa Mohamed El Shorbagy wa Alexandria, aliyeshinda 2015, 2016 na 2019. Alipelekwa Uingereza akiwa kijana kusoma Millfield, na mwalimu wake wa skwoshi huko alikuwa Barrington, mwanafunzi wa Nasrullah. Mwaka 2022 El Shorbagy alihama timu ya Misri, akaanza kuichezea England.