Jina moja, watu wawili

Kuna makosa ya programu yenye mizizi ya zamani kuliko programu yenyewe. Mimi naanzia 1970: Edgar Codd wa IBM alipendekeza data ipangwe katika majedwali. 1974, Donald Chamberlin na Raymond Boyce wakaleta SEQUEL, lugha yenye leo tunaita SQL.

Ukitaka mfanyakazi pamoja na mkubwa wake, jedwali moja inaingia mara mbili katika swali, kila mara na jina lake la muda. Zamani mtu alijichagulia: m, k. Kisha zikakuja ORM, kama Hibernate ya 2001, zinaandika SQL pahali petu na kutunga majina zenyewe, mara ingine marefu sana.

Lakini PostgreSQL inashika baiti 63 tu, zingine inakata. Majina mawili yanakuwa moja. Likiwa la jedwali, swali linakataliwa. Likiwa la safu, swali linapita: mshahara ya mkubwa inaweza kufunika ya mfanyakazi.

Naona ORM haikufuta SQL, iliificha tu. Mbele ya kulaumu data, tusome kwanza SQL yenye imeandikwa.