Mwendo kati ya Luano na N'djili: Umbali Mmoja, Nyakati Nyingi

Kiswahili kina neno moja, mwendo, linalobeba maana mbili: urefu wa njia na muda wa kuipita. Ukimwuliza mzee kijiji fulani kiko wapi, atakujibu kwamba ni mwendo wa siku mbili. Historia ya usafiri kati ya Lubumbashi na Kinshasa inaonyesha jinsi neno hilo lilivyo na hekima. Kutoka kiwanja cha ndege cha Luano hadi kile cha N'djili kuna kilometa zipatazo 1,550 kwa mstari ulionyooka. Hesabu hiyo haibadiliki. Mwendo ndio uliobadilika.

Reli ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka 1910, lakini ilitokea kusini, Rhodesia. Basi shaba ya Katanga ilielekea bandari za kigeni kabla ya kupata njia ya ndani ya nchi. Mwaka 1928 tu ndipo reli ya B.C.K. ilipounganisha Katanga na Port-Francqui, ndiyo Ilebo. Pale msafiri alishuka garini, akapanda meli, akafuata mito ya Kasai na Kongo hadi Léopoldville. Ilikuwa safari ya siku nyingi.

Sabena, iliyoundwa mwaka 1923, ilianza kurusha ndege kati ya miji hiyo katika miaka ile ile ya ishirini. Mwaka 1959 kiwanja cha N'djili kilifunguliwa, kikapokea ndege kubwa ambazo Ndolo haikuzitosha. Kwa ndege za jeti safari ikawa ya saa mbili na dakika kadhaa. Saa za ukutani, hata hivyo, husema vingine. Kwa kuwa Lubumbashi imeitangulia Kinshasa kwa saa moja, anayekwenda magharibi huona kama ametumia saa moja tu na ushei, na anayerudi huona kama ametumia zaidi ya tatu.

Lakini ndege haikuleta umoja kwa kasi yake peke yake. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilijitenga, na mji ulio mbali kwa saa chache ukawa nchi nyingine. Tarehe 17 Januari 1961 ndege ya DC-4 kutoka Moanda ilitua Luano ikiwa na Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito, wote wamefungwa. Usiku ule ule waliuawa. Leo barabara kuu inayotoka N'djili kuingia Kinshasa inaitwa kwa jina la Lumumba. Hivyo viwanja hivi viwili vinaunganishwa na kumbukumbu moja, si na njia ya angani tu.

Air Zaïre ilifilisika mwaka 1995. Makampuni mengine yakashika njia hiyo. Chini, reli na mito vimedhoofika, hata asiye na bei ya tikiti aweza kukaa njiani majuma mazima. Kwa hiyo swali la mwanahistoria lisiwe tu miji hii iko mbali kiasi gani, bali iko mbali kwa nani. Kwa mwenye fedha ni mwendo wa asubuhi moja. Kwa mwanafunzi maskini, mwendo umerudi kuwa ule wa babu zake.