Kalamu ya risasi haina risasi (vifaa vya kuchorea vya mtoto, sehemu ya 2)

Mama zangu, wiki iliyopita niliahidi tuongelee vifaa vya kuchorea vya hawa wadogo wetu wa mwaka mmoja na nusu hadi mitano. Nianze na kisa.

Nikiwa zamu ya usiku, dada mmoja aliingia mbio na mtoto wa miaka miwili mgongoni. Mama analia, mtoto anacheka, mdomo mweusi tii. "Nesi, amekula kalamu ya risasi!"

Sasa sikilizeni. Penseli tunaiita kalamu ya risasi, lakini ndani haina risasi. Miaka ya 1500 huko Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, watu walikuta jiwe jeusi laini linaloacha alama. Wachungaji wakalitumia kuwawekea kondoo alama. Kwa kuwa lilifanana na madini ya risasi, wakadhani ni aina yake, na jina likaganda. Mwaka 1779 mkemia Carl Wilhelm Scheele wa Sweden akaonyesha kuwa jiwe lile ni kaboni, yaani ndugu wa mkaa tunaopikia. Too late, jina lilishasafiri hadi likafika kwenye Kiswahili chetu.

Kwa hiyo nilimsafisha mtoto mdomo, nikaangalia kama hajapaliwa, nikamwambia mama akae apumue. Ila kuna kitu kimoja kilinikera. Ile rangi ya njano ya nje ya penseli ilikuwa imetafunwa karibu yote. Mimi naogopa rangi ya nje kuliko ile nyeusi ya ndani, na sababu yake ni ya zamani.

Miaka ya 1890, madaktari wa watoto mjini Brisbane, Australia, walikuwa wanapokea watoto wenye maumivu ya tumbo, miguu na mikono iliyolegea, wengine macho yanafifia. Ikajulikana ni sumu ya risasi. Lakini mtoto mdogo ameipata wapi? Mwaka 1904 daktari wa macho, John Lockhart Gibson, aliandika kuwa chanzo ni rangi ya kuta na nguzo za varanda. Jua kali linaifanya rangi itoe unga, mtoto anashika, kisha anaweka vidole mdomoni. Basi. Mnaona? Hakuna aliyemlisha mtoto sumu. Alifanya tu kile ambacho mtoto wako anafanya hivi sasa wakati unasoma hapa.

Jimbo lao la Queensland lilitunga sheria mwaka 1922. Marekani ilipiga marufuku rangi ya nyumba yenye risasi mwaka 1978. Hesabu wenyewe miaka iliyopita hapo katikati, na watoto waliokua ndani yake. Risasi inapunguza damu, inaumiza ubongo unaokua, ikizidi inaleta degedege. Tumbo la mtoto linaifyonza mara nne hadi tano kuliko la mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Krayoni, zile kalamu za nta, nazo zina historia yake. Binney & Smith wa Marekani walikuwa wauzaji wa rangi nyeusi ya viwandani na rangi nyekundu ya kupaka mabanda. Mwaka 1903 wakatoa boksi la krayoni 8 kwa senti 5, kwa ajili ya watoto wa shule. Jina la Crayola alilibuni Alice Binney, mke wa mmoja wao, ambaye aliwahi kuwa mwalimu. Nta inashika rangi isipeperuke kama vumbi, ndiyo maana hadi leo ni chaguo langu la kwanza kwa mtoto anayeanza.

Lakini nta hainihakikishii rangi iliyomo. Mwaka 1994 Marekani iliondoa sokoni aina 11 za krayoni zilizoingizwa kutoka nje kwa sababu zilikuwa na risasi. Mwaka 1994, jamani, wengi wetu tulishazaliwa.

Na ule udongo laini wa kuchezea, Play-Doh? Kumbe ulikuwa kitu cha kusafishia karatasi za ukutani! Nyumba za Cincinnati zilipasha joto kwa makaa ya mawe, kuta zinajaa masizi, watu wanayafuta kwa donge lile. Majiko ya gesi yakaja, biashara ikafa. Mwalimu wa chekechea, Kay Zufall, akawapa watoto walichezee, wakalipenda, na mwaka 1956 likaanza kuuzwa kama cha kuchezea. Mwalimu mmoja mwenye macho aliokoa kampuni.

Sasa ukiwa dukani. Tafuta boksi lenye jina la mtengenezaji na maandishi ya EN 71 au ASTM D-4236, ambayo ni alama za viwango vya Ulaya na Marekani. Alama inaweza kughushiwa, najua, lakini boksi lisilo na jina wala anwani mimi siligusi, hasa la njano, chungwa na nyekundu zinazong'aa kupita kiasi, maana rangi hizo ndizo zilizotengenezwa sana kwa risasi. Chini ya miaka mitatu nunua krayoni nene, vipande vidogo vinapalia. Kalamu za wino zenye vifuniko weka juu ya kabati. Umeshaona tundu kwenye ncha ya kifuniko? Limewekwa ili hewa ipite kikikwama kooni. Halijawekwa kwa urembo.

Usimpe rangi ya mlango iliyobaki. Usimpe unga mweusi wa betri za tochi, hata kama sisi tulipakia ubao wa shule kwa huo huo. Ukikanda unga wa ngano wa kuchezea nyumbani, kumbuka chumvi yake ni nyingi mno, asiule.

Penseli mpe, ila ukimuona anaitafuna, inyang'anye. Na akimeza chochote mkaja hospitali, njooni na boksi lake.