Poti Zilizofungwa na Flashi za Kariakoo

Ukivuka viwanja vya Mnazi Mmoja ukashika Barabara ya Uhuru kuingia Kariakoo, umefika kwenye mitaa ambayo kwa miaka mingi vijana walikaa na kompyuta wakiwaingizia wateja nyimbo na filamu, kwanza kwenye CD, kisha kwenye flashi na memori kadi. Biashara hiyo imesemwa sana kama wizi wa kazi za wasanii, na wasanii wana haki ya kulalamika. Lakini ni historia ya intaneti pia: faili lilipita mkononi kwa sababu njia ya waya ilikuwa finyu, ghali, au imefungwa.

Kufungwa huko kuna historia yake. Mwaka 2001 Mmarekani Bram Cohen alitoa BitTorrent, programu inayokata faili vipande ili kila anayepakua awagawie wenzake. Kwa kawaida ilitumia poti namba 6881 hadi 6889. Poti ni namba kati ya 0 na 65535 inayoonyesha data inayoingia ni ya programu ipi, kama namba ya chumba katika jengo lenye anwani moja. Namba zikishajulikana, kuzifunga ni rahisi, na watoa huduma kadhaa wa intaneti walizifunga. Watumiaji wakahamia namba za juu, hasa zile za kuanzia 49152 ambazo hazijagawiwa huduma yoyote. Watoa huduma nao wakaacha kutazama namba, wakaanza kuchungulia data yenyewe. Mwaka 2007 kampuni ya intaneti ya Marekani, Comcast, ilibainika kukatiza BitTorrent kwa kutuma ujumbe wa kughushi, na Agosti 2008 tume ya mawasiliano ya Marekani ikaiamuru iache.

Dar es Salaam wakati huo bado ilitegemea satelaiti. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Julai 2009, EASSy mwaka uliofuata, na kasi ikapanda. Hata hivyo mteja wa simu alikuta kizuizi kingine: kampuni huwapa wateja wengi anwani moja ya intaneti kwa pamoja, hivyo wa nje hawezi kumfikia hata achague poti ipi. Baadhi wakakimbilia VPN, huduma inayopitisha mawasiliano yao kwenye kompyuta ya mbali.

Mlango huo nao ukabanwa. Twitter na WhatsApp zilizuiwa wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020, na VPN ndizo zilizowavusha watu. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikataka wanaotumia VPN wajisajili kabla ya tarehe 30. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti yote ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Hapo hakuna poti ya kuchagua.

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayetuma oda na kupokea malipo kwa simu hakustahili kuzimiwa hivyo. TCRA na kampuni za simu watangaze wanachozuia, kwa sheria ipi na hadi lini, kabla ya kukizuia.