Ribiti ilivyopigwa chini na bolti

Leo historia kidogo. Hata nyie wa sheria someni tu, hamna hesabu humu.

Chuma nacho huchoka, jamani. Mwaka 1842 huko Ufaransa treni ilikuwa inatoka Versailles kwenda Paris, ekseli ya injini ikakatika, moto ukawaka, wakafa watu zaidi ya 50. Baadaye mhandisi wa reli Mjerumani, August Wöhler, akaonyesha kwa majaribio kwamba mzigo mdogo ukirudiwarudiwa unakata chuma ambacho kingeubeba mara moja bila shida. Huo ndio uchovu.

Sasa viungo. Enzi hizo madaraja ya chuma yalishonwa kwa ribiti: inapashwa mpaka inakuwa nyekundu, inapitishwa tunduni, inagongwa kichwa cha pili. Ikipoa inasinyaa na kuyabana mabamba. Ila hiyo nguvu ya kubana huwezi kuipanga, moja inabana kweli, jirani yake wapi! Bolti nazo zilidharauliwa kwa kulegea.

Mwaka 1934 Waingereza Batho na Bateman wakaonyesha kwamba bolti ya chuma imara inaweza kukazwa mpaka mabamba yasiteleze. Mwaka 1938 Wilson na Thomas wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, wakapima uchovu wenyewe: bolti hizo, hata zikiwa nyembamba kuliko tundu, zilivumilia sawa na ribiti nzuri, ili mradi nati ikazwe sana.

Hapa ndipo penye utamu. Wengi wanadhani ukikaza sana bolti itachoka haraka, si tayari imevutika? Kumbe kinachochosha ni mzigo kupanda na kushuka. Ikikazwa, mzigo unapita kwa msuguano kati ya bamba na bamba, haugandamizi ukingo wa tundu ambako nyufa hupenda kuanzia, na bolti inabaki na mvuto karibu uleule, treni ipite isipite. Ukilegeza nati ndio unaiua.

Kanuni za kwanza za Wamarekani zikatoka 1951. Daraja la Mackinac, Michigan, lililofunguliwa 1957, lina ribiti zaidi ya milioni 4.8 na bolti kama milioni 1, yaani bado walikuwa wanahama taratibu. Ribiti ilitaka watu wanne: wa kupasha, wa kudaka (ikirushwa ya moto hivyohivyo, huko juu!), wa kushikilia na wa kugonga. Bolti ikataka wawili na spana. Wadakaji wakakosa kazi.